Maumivu ya Mgongo: Kulala Kitandani Si Dawa

Katika kila kambi kuna benchi moja nje ya chumba cha mganga, na juu ya benchi hilo, asubuhi ya kila Jumatatu, hakosi kuonekana mtu aliyekaa upande, mkono mmoja umeshika kiuno. Ukimwuliza anaumwa na nini, atakujibu kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri kosa: "Mgongo, afande." Wenzake wanaopita hucheka. Sajini wake huangalia saa. Maana katika maradhi yote yanayompata askari hakuna linaloshukiwa kama hili. Halina homa ya kupimwa, halina kidonda cha kufungwa, wala uvimbe wa kuonyeshwa. Aliyevunjika mguu huaminiwa kwa plasta yake. Mwenye mgongo hana shahidi ila nafsi yake.

Tumeona vema leo tuzungumze na wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, juu ya maumivu haya. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa na sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba ifikapo mwaka 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna maradhi mengine yanayowazuia watu wengi kiasi hicho kufanya shughuli zao. Lakini hesabu kubwa kama hizo husahaulika upesi, na kwa kweli si hizo zilizotufanya tushike kalamu. Kilichotufanya tuandike ni koplo mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa safarini kutoka Soroti kwenda Moroto, tumechukua kamera, jenereta na masanduku ya vitabu kwa ajili ya sherehe ya kikosi. Dereva wetu alikuwa koplo mpole mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, ambaye kwa siku nzima hakusema neno lisilohusu barabara. Barabara yenyewe ilikuwa ya vumbi na mawe, na lori lilikuwa kuukuu, kiti chake kimebaki chuma na gunia. Tulipofika alishuka kwa kushikilia mlango, akasimama kitambo amepinda kama mzee, kisha akaanza kupakua mizigo pamoja na wengine. Baadaye sana tuliambiwa kwamba alipoinama kuichukua jenereta alihisi kitu kimemkatika kiunoni. Alinyamaza, na akaendelea kunyamaza kwa muda wa wiki tatu. Sababu ya kunyamaza kwake tutaieleza mbele. Kwanza tueleze kilichompata.

Uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazocheza, zimepangwa moja juu ya nyingine, na chini yake kuna mfupa wa nyonga na kitokono. Baina ya pingili hizo kuna visahani laini ambavyo waganga huviita diski, navyo ni 23. Kila diski ni mfano wa mto mdogo uliotiwa uji mzito ndani na kuzungushiwa nyuzi ngumu nje. Jambo la kustaajabisha ni kwamba diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ya kutosha kuilisha. Hupata chakula chake kwa kukamuliwa na kuachiwa, kama sifongo: mtu akitembea, akiinuka, akigeuka, maji hutoka na kuingia. Ndiyo maana jioni sisi sote huwa tumepungua urefu kwa kadiri ya sentimeta moja kuliko tulivyoamka, na usiku tukaurudia urefu wetu. Tunaomba msomaji alishike jambo hili la kukamuliwa na kuachiwa, kwa kuwa mengi tutakayosema yanatoka humo.

Sasa tuupime mzigo. Misuli inayotunyoosha mgongo imeshikamana karibu sana na mifupa, kiasi cha sentimeta 5 tu nyuma ya diski. Askari anayenyanyua sanduku la kilo 20 akiwa amenyoosha mikono, sanduku likiwa nusu mita mbele ya mgongo wake, hulazimisha misuli hiyo kuvuta kwa nguvu za kilo 200, bila kuhesabu uzito wa kiwiliwili chake mwenyewe. Akilileta sanduku lile lile karibu na tumbo, kiasi cha robo mita, nguvu hizo hupungua nusu. Katika miaka ya 1960 daktari wa Uswidi, Alf Nachemson, aliingiza sindano za kupimia ndani ya diski za watu walio hai, akaona kwamba anayeinama mbele na kushika mzigo huibana diski yake zaidi sana kuliko anayesimama wima. Kwa hiyo tunapoambiwa tupinde magoti, magoti yenyewe hayatoshi. Kubwa ni kuukumbatia mzigo, na kugeuza miguu yote badala ya kujipinda kiuno huku mikono imejaa.

Mama zetu walilijua jambo hili kabla ya daktari yeyote. Mwaka 1986 wataalamu waliofanya kazi Nairobi walitangaza kwamba wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, waliweza kuchukua mzigo wa kadiri ya moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Hatusemi kwamba askari abebe risasi kichwani. Shingo nayo ina haki yake, na ustadi ule hujengwa tangu utotoni. Tunasema tu kwamba shanta iliyofungwa juu, ikakazwa ikabana mgongo, vitu vizito vikiwa ndani karibu na mwili, humchosha mtu kidogo kuliko shanta ile ile inayoning'inia hadi makalioni na kumvuta nyuma kila hatua. Mmarekani S. L. A. Marshall aliandika kitabu kizima mwaka 1950 kuwalalamikia makamanda wanaomtwika askari hadi nguvu za kupigana zikaisha njiani. Malalamiko yake hayajazeeka.

Hata hivyo si shanta peke yake. Askari wa usalama barabarani husimama saa nyingi juu ya lami ya moto bila kuhama. Mlinzi wa lango hivyo hivyo. Kusimama tuli ni kuinyima diski ule mkamuo wake. Mlinzi akiweka mguu mmoja juu ya jiwe dogo au ukingo wa saruji, kisha baada ya dakika chache akabadilisha, na akatembea hatua kumi kila apatapo nafasi, atamaliza zamu yake na kiuno chake. Karani wa kituo cha polisi aliyeinamia daftari la matukio tangu asubuhi yuko katika hali hiyo hiyo ingawa amekaa kivulini. Dereva ndiye anayeonewa zaidi, kwa sababu hukaa asiondoke na huku barabara inamtikisa, na mtikisiko wa saa nyingi huichosha misuli na diski pamoja. Kibaya zaidi ni kuruka chini mara gari linaposimama na kuanza kupakua papo hapo. Hivyo ndivyo alivyofanya koplo wetu. Laiti angalitembea dakika tano kuzunguka lori lake kabla ya kugusa mzigo! Tena yuko askari mwenye pochi nene katika mfuko wa nyuma wa suruali, anayeketi juu yake siku nzima upande mmoja umeinuka. Huyo dawa yake ni kuihamisha pochi.

Kuna jambo moja la alfajiri ambalo wakufunzi wa mazoezi watatuwia radhi tukilitaja. Usiku diski hujaa maji na kutuna, na katika saa ya kwanza baada ya kuamka huwa ngumu na rahisi kuumia mtu anapoinama sana. Kuwatoa kuruta kitandani na kuwalaza chini mara moja waguse vidole vya miguu kwa miguu iliyonyooka ni kuchagua wakati mbaya kuliko wote. Watembezwe kwanza, wakimbizwe polepole, ndipo wainamishwe. Jeshi la Marekani, lililowapima askari wake kwa zoezi hilo la kuinuka kutoka chini kwa miaka mingi, liliweka mahali pake, katika mtihani ulioanza rasmi mwaka 2022, zoezi la kujikaza kama ubao juu ya viwiko na vidole vya miguu.

Sasa tuje kwenye tiba, ambako makosa ni mengi kuliko kwenye chanzo.

Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walionyesha kwamba diski iliyopasuka inaweza kuubana mshipa wa fahamu na kuleta maumivu yanayoshuka mguuni. Ulikuwa uvumbuzi mkubwa. Lakini tangu hapo kila mwenye kuumwa kiuno akadhani diski yake imetoka mahali pake, naye akalazwa chali wiki nzima, pengine juu ya ubao, ili irudi. Sisi wenyewe tulipokuwa makadeti tulilazwa juu ya ubao kwa siku tisa, na tulipoinuka tulikuwa hatuwezi kufunga kamba za viatu. Mwaka 1994 iliandikwa habari ya watu 98 wasioumwa kabisa ambao waliingizwa katika mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Waliokutwa na diski zote salama walikuwa 36 tu katika kila mia. Waliobaki walikuwa na diski zilizotuna au zilizochakaa, nao wakienda kazini, wakicheza mpira, hawana habari. Picha peke yake, basi, haitoshi kumhukumu mtu. Katika kila watu kumi wenye maumivu ya kiuno, tisa hivi hawana mfupa uliovunjika wala ugonjwa unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Ni misuli, kano na viungo vilivyochoka au kukazwa kupita kiasi, na wengi wao hupata nafuu kubwa katika wiki chache.

Kuhusu kulala, jambo hili limepimwa. Mwaka 1986 huko Texas wagonjwa 203 waligawanywa. Wengine waliambiwa walale siku mbili, wengine siku saba. Waliolala siku mbili walipona sawasawa na wenzao, na walikosa kazi siku chache zaidi. Mwaka 1995 wafanyakazi wa jiji la Helsinki, 186 kwa idadi, waligawanywa mafungu matatu: wa kulala siku mbili, wa kufanya mazoezi maalumu ya mgongo, na wa kuendelea na shughuli zao za kawaida kadiri maumivu yalivyowaruhusu. Waliopona vizuri kuliko wote ni wale wa tatu. Hii ndiyo ile habari ya diski inayokula kwa kutikiswa. Anayelala anaitia njaa, na misuli yake hulegea huku hofu ikiongezeka. Siku moja ya kujinyoosha maumivu yanapokuwa makali haina ubaya. Lakini kesho yake ainuke, atembee hadi mtoni, arudi.

Ubao nao umepata jibu lake. Mwaka 2003 huko Hispania watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu walipewa magodoro mapya, wengine magumu, wengine ya ugumu wa wastani. Waliopewa ya wastani walipata nafuu zaidi. Anayelala ubavu aweke mto au blanketi lililokunjwa katikati ya magoti. Anayelala chali aliweke chini ya magoti.

Vidonge vinauzwa kila kona. Parasetamoli, ambayo askari huitafuna kama karanga, ilijaribiwa huko Australia kwa wagonjwa zaidi ya 1,600, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014: haikuharakisha kupona kuliko kidonge kisicho na dawa. Ibuprofeni na diklofenaki husaidia kidogo kwa siku chache, lakini huunguza tumbo lisilo na chakula, na kwa mtu aliyekaukiwa maji huweza kudhuru figo. Askari aliyemo katika matembezi marefu juani asizimeze kwa siri ili amalize mwendo. Kitambaa kilichochovywa maji moto na kukamuliwa, kikawekwa kiunoni robo saa, kina faida na hakina hasara, mradi kisiunguze ngozi. Kuchuliwa kwa mafuta kunaburudisha kwa muda. Kukanyagwa mgongoni na mwenzako bwenini, au kuchanjwa kwa wembe uliokwisha mchanja mwingine, ni kutafuta balaa la pili. Na ule mkanda mpana wa kubana kiuno, ambao baadhi ya wachukuzi huuvaa kwa fahari, ulichunguzwa Marekani katika maduka makubwa na habari zake zikatolewa mwaka 2000: walioumia miongoni mwa wavaaji hawakuwa wachache kuliko miongoni mwa wasiovaa.

Kinachozuia maumivu yasirudi ni kutembea, dawa ambayo haina muuzaji. Mwaka 2024 zilitolewa habari za Waaustralia 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno karibuni. Nusu yao walifundishwa kutembea kwa mpango, wakiongeza kidogo kidogo hadi nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Wasiofundishwa walirudiwa na maumivu baada ya siku 112 kwa wastani. Waliotembea walikaa siku 208. Tuongeze mazoezi mawili yasiyohitaji chombo. La kwanza, lala chali, kunja magoti, nyayo zikiwa chini, kisha inua makalio hadi mwili unyooke toka mabega hadi magoti, hesabu hadi tano, shuka. La pili, piga magoti na kuweka mikono chini kama mtoto anayetambaa, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, hesabu hadi tano, badilisha. Mara kumi kila moja yatosha kwa mwanzo.

Hata hivyo mgongo mmoja katika kadhaa husema jambo jingine, na hapo kunyamaza ni hatari. Askari anayehisi ganzi baina ya mapaja, mahali panapogusa tandiko la farasi, au aliyeshindwa kukojoa au kujizuia haja, au ambaye miguu inazidi kukosa nguvu, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane, kwa kuwa mishipa ya fahamu inabanwa na kila saa ina thamani. Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali yataka picha. Maumivu yanayoendelea usiku na mchana, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, yaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia katika pingili, ugonjwa ambao Mwingereza Percivall Pott alieleza habari zake mwaka 1779. Unaponywa kwa dawa za miezi mingi ukijulikana mapema. Ukichelewa, hupindisha mgongo na kupoozesha miguu. Na wale wanaokaa katika nchi za ng'ombe, kama Ankole na Karamoja, wakumbuke kwamba maziwa yasiyochemshwa huleta ugonjwa wa brusela, ambao dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho, na viungo na kiuno kuuma. Tumewaona askari waliochuliwa miezi mitatu kwa ugonjwa ambao ungetibiwa kwa dawa na sufuria.

Turudi kwa koplo. Katika wiki zile tatu alinunua vidonge dukani kwa fedha yake. Maumivu yakashuka kutoka kiunoni hadi kwenye tako, paja, shavu la mguu, mpaka juu ya unyayo. Siku moja tulimwona akipanda ngazi tatu za ofisi yetu. Ncha ya buti lake la kushoto ikajikwaa kwenye kila ngazi. Tulipomwuliza alisema, "Mguu umelala tu, afande." Alipoambiwa ainue vidole vya mguu, havikuinuka.

Hapa ndipo tunapotimiza ahadi ya kueleza sababu ya kunyamaza kwake. Mwaka mmoja kabla ya safari ile, koplo huyo aliomba mbele ya foleni apunguziwe zamu kwa sababu ya kiuno. Ofisa mmoja alimjibu kwamba mgongo wake huuma siku za kazi na hupona siku ya mshahara. Kombania nzima ilicheka. Tangu siku hiyo aliitwa mtegea kazi, naye akaapa moyoni kwamba hatalitaja tena neno mgongo. Ofisa huyo ni sisi tunaoandika makala haya.

Wategea kazi wapo, nasi hatuwatetei. Lakini uchunguzi uliofanywa katika viwanda vya ndege vya Boeing, uliotangazwa mwaka 1991, kwa wafanyakazi zaidi ya 3,000, ulionyesha kwamba wale ambao waliifurahia kazi yao kwa nadra sana waliripoti kuumia mgongo mara mbili na nusu kuliko wenzao. Msimamizi mkali huenda akafurahi kusoma hivyo, akidhani amethibitishiwa shaka zake. Sisi tunausoma vingine: namna mtu anavyotendewa kazini huingia katika mifupa yake, na anayedhihakiwa huumwa zaidi au huficha zaidi. Kamanda anayempa mwenye mgongo kazi nyepesi kwa wiki moja, ya kutembea huku na huku, kupeleka barua, kuhesabu vifaa, humrudisha mtu wake mapema kuliko anayemlaza na kuliko anayemfukuza kutoka kwenye benchi la mganga. Mtegea kazi wa kweli hatapenda kazi nyepesi ya kutembea kutwa, atapona mwenyewe.

Koplo alipelekwa hospitali ya rufani, akapasuliwa, na maumivu ya mguu yakamwacha karibu mara moja. Nguvu za unyayo zilirudi polepole, kwa miezi, wala hazikurudi zote. Sasa yuko bohari. Ameweka saa ya mezani inayolia kila baada ya muda, naye huinuka na kuzunguka rafu zake, mara mbili au tatu, kisha huketi. Tulipomtembelea mwezi uliopita alitupikia chai, akatuonyesha buti zake mpya alizopewa mwaka huu. La kulia bado ni zima. La kushoto limekwisha lika kwenye ncha.